Piki ya potasiamu kwenye mwani inanikimbia, na hii 661.657 kwani nani aliipima?

binti_wa_Paje:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba msaada mana nna wiki ya tatu nahangaika na kitu kimoja na msimamizi wangu kasafiri mpaka mwisho wa mwezi. Mradi wangu ni kupima mionzi ya asili kwenye mwani mkavu wa Paje na Jambiani, mwani wenyewe ni wa mama yangu na wenzake kwa hivo kupata sampuli si tabu, tabu iko maabara.

Ditekta yetu ni ya sodiamu ayodaidi, ya inchi tatu kwa tatu, ina ngao yake ya madini ya risasi, na sosi (vyanzo vya mionzi) tunazo mbili tu, seziamu-137 na kobalti-60, zile ndogo za kufundishia. Saa mbili asubuhi nawasha, nasubiri nusu saa, naweka sosi nafanya kalibresheni (kuinyoosha mizani ya mashine), piki tatu, yani vilele vya grafu, zinakaa vizuri 662, 1173 na 1332 keV (kizio cha nishati ya mionzi), mstari umenyooka. Halafu naweka kopo la mwani naliacha mpaka saa kumi jioni. Potasiamu-40 inatakiwa ikae 1460.8 keV. Ijumaa nimeipata 1452, Jumatatu 1431, Jumanne 1427. Kila siku na yake! Na piki imetanuka, siku nyengine ina kama mabega mawili. Jumanne umeme ulikatika saa sita ukarudi saa saba na robo, jenereta inalisha mashine na kompyuta lakini AC haiwashi, chumba kikawa kama tanuri. Sijui kama inahusika au ditekta imeharibika.

La pili hili linanikera zaidi na naona haya kuliuliza darasani. Kwenye jaduweli seziamu imeandikwa 661.657 na kosa lake ni 0.003. Mimi napima potasiamu kwa kutumia seziamu. Sasa yule wa kwanza aliyepima seziamu alitumia nini? Mana na yeye lazma alikuwa na ditekta, na ditekta yake ilikalibiretiwa na kitu chengine, na hicho chengine jee? Mwisho wake uko wapi?

fundi_wa_ChakeChake:

waalaykum salaam dada. ditekta yako nzima, ni joto hilo wala usitafute mbali

kristali ya sodiamu ayodaidi ikipata joto mwanga wake unapungua, na ile tyubu ya fotomaltiplaya inayoukuza mwanga nayo ina tabia yake na joto, kwa hivo pigo lilelile la gamma asubuhi linakupa chaneli moja (namba ya mahali kwenye mizani ya mashine) na mchana linakupa chaneli ya chini zaidi. mimi hapa Pemba mashine yangu nishawahi kuipima, digrii kumi zilinipotezea karibu asilimia mbili na nusu. sasa chukua 1461 toa asilimia mbili na nusu uone unafika wapi, utakuta palepale kwenye Jumanne yako. Ijumaa AC ilifanya kazi siku nzima au sio? ndio mana ikawa 1452

mabega mawili ni kwa sababu unakusanya faili moja saa nane, ndani yake kuna saa za baridi na saa za joto zimerundikwa pamoja. usifanye hivo. weka programu ihifadhi spektra (ile grafu ya piki) kila nusu saa, mwisho wa siku una mafaili kumi na sita, kila moja unalirekebisha kwa kalibresheni yake ndipo ujumlishe. kazi ndefu lakini piki inarudi kuwa nyembamba

na kabla ya mwani wowote fanya hivi, weka seziamu peke yake, pembeni weka thamomita, kila robo saa andika joto na chaneli ya piki, kutwa nzima. ukichora utaona mwenyewe inavyoteremka. umeme ukikatika usiamini kitu mpaka haivolteji itulie tena, mimi naipa saa nzima kamili, nusu saa yako haitoshi

tena kama mlinzi anakuruhusu pima usiku. baada ya isha mpaka alfajiri joto la chumba halichezi sana hata bila ya AC. mimi kazi zangu ndefu zote za usiku

karafuu ukizipima kwa mizani iliyokaa juani na nyengine iliyokaa ghalani frasila hazilingani, na mkulima ndie anaeumia. seziamu KABLA na seziamu BAADA, kila sampuli, zikitofautiana hicho kipimo ukirejee

Mzee_wa_Tunguu:

Mwanangu binti wa Paje, fundi kakujibu vyema sana la kwanza. Mimi niruhusu nishike la pili mana nimefundisha fizikia skuli miaka mingi na walioniuliza hilo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wewe unalionea haya! Usilionee haya hata kidogo, hilo ndilo swali lenyewe la sayansi ya vipimo.

Anza na sokoni Darajani. Muuza samaki ana jiwe la kilo. Jiwe lake limelinganishwa na la mkaguzi wa vipimo, la mkaguzi limelinganishwa na la taifa, la taifa lililinganishwa na lile pande la platini na iridi lililokuwa likihifadhiwa Sèvres karibu na Paris, na 2019 hata hilo pande likaachwa, kilo ikafungwa kwenye namba ya Planck ambayo haitui vumbi wala haikwanguliwi na mtu. Kwa hivo mnyororo wa mawe una mwisho na mwisho wake si jiwe. Gamma nayo ni hivohivo, ina ukoo wake, na juu kabisa ya ukoo hakuna ditekta inayosoma nishati, kuna pembe na kuna urefu.

Mita tangu 1983 imefungwa na kasi ya mwanga, mita 299,792,458 kwa sekunde basi. Kutokana na hapo leza unaweza kuujua urefu wa wimbi lake kwa uhakika mkubwa mno. Sasa wanachukua fuwele ya silikoni, safi kupita kiasi, wanaichonga vipande vitatu vyembamba vilivyosimama sambamba, wanapitisha eksirei, kisha kipande kimoja wanakisogeza taratibu huku leza inahesabu kimesogea kiasi gani. Eksirei zinazotoka zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, na kila mpando mmoja ni kuwa kipande kimesogea nafasi moja tu ya tabaka za atomi. Hesabu mipando ya eksirei, hesabu mawimbi ya leza, gawa. Unapata nafasi ya tabaka za silikoni, kama nanomita 0.192, na tarakimu nyingi zinazofuata. Kila nikilifikiria jambo hili nastaajabu, kuwa watu wamekaa wakahesabu tabaka za atomi mojamoja kama mtu anaehesabu mawe ya bao.

Sasa ile rula yako ya silikoni unayo. Unapitisha gamma ndani yake, gamma inapinda kwa sheria ya Bragg, ukijua nafasi ya tabaka na ukaipima pembe umeujua urefu wa wimbi la gamma. Ugumu uko kwenye pembe. Gamma waliyoanza nayo kwa dhati ni ya dhahabu-198, yani dhahabu hii ya kawaida ukiitia kwenye rieta (tanuri la nyuklia) ya nyutroni, nusu maisha yake siku 2.7, na wimbi lake ni fupi kiasi kwamba pembe yake ya Bragg iko chini ya nusu digrii. Chini ya nusu digrii, na hiyo waipime kwa usahihi wa sehemu moja katika milioni au bora zaidi! Deslattes, Kessler na wenzao walifanya hivo Marekani kwenye maabara ya taifa ya vipimo ambayo skuhizi inaitwa NIST, matokeo yao makubwa ya dhahabu yalitoka 1978, na baadae kazi hiyo ikaendelea Grenoble, Ufaransa, kwenye rieta ya taasisi ya Laue-Langevin kwa mashine waliyoiita GAMS.

Ukishapata urefu wa wimbi unaugeuza kuwa nishati kwa namba ya Planck na kasi ya mwanga. Na hapa pana jambo zuri la kulijua. Vitabu vya zamani dhahabu vinaiandika 411.8044 keV, orodha ya Helmer na van der Leun iliyotoka 2000 inaandika 411.80205. Dhahabu haikubadilika, kilichobadilika ni namba za msingi na nafasi ya tabaka za fuwele zilipopimwa vizuri zaidi, na dhahabu iliposogea watoto wake wote wakasogea nayo. Kwa hivo ukinakili namba andika umeitoa orodha gani, usichanganye mbili za zamani na tatu za mpya.

Watoto wanapatikanaje? Kwa tofauti. Unaweka dhahabu na sosi nyengine mbele ya ditekta ya jemaniamu kwa pamoja, piki mbili zikiwa jirani huhitaji kuziamini chaneli elfu nzima, unahitaji kuamini zile chache zilizoko baina yao tu. Kutoka jirani unakwenda kwa jirani. Na pengine kiini chenyewe cha atomi kinakusaidia hesabu. Dhahabu-198 ikigeuka zebaki inaweza kushuka ngazi mbili, 411.80205 na 675.8836, au iruke zote kwa pamoja. Jumlisha, utapata 1087.6857. Lakini jaduweli inasema 1087.6842, imepungua kama eV moja na nusu (keV moja ni eV elfu). Imekwenda wapi? Kiini kinapotoa gamma kinarudi nyuma kidogo kama ngalawa mtu anaporuka kwenda ufukweni, na mruko mkubwa unaisukuma ngalawa zaidi kuliko miruko miwili midogo. Ukiitoa hiyo hesabu inakaa sawa. Kwa njia hiyo orodha yote inafungamana, namba moja ikiwa mbovu jirani zake wanaitoa hadharani.

Seziamu yako ni mmoja katika wajukuu hao. Ukiiweka ile sosi ndogo mezani kwako umeshika ncha ya kamba inayokwenda mpaka kwenye leza na silikoni.

Kanuni moja tu nakusisitiza, usikalibireti kwa kile unachokipima. Mwani una potasiamu, kuiweka sawa piki ya potasiamu kwa potasiamu ya mwani wenyewe ni kujipimia kwa kibaba chako mwenyewe.

kijana_wa_Mtoni:

Shkamoo ustadh. Darsa lako nimelisoma mara mbili na nimelihifadhi. Ila kwenye hilo la mwisho naomba nitofautiane na wewe kwa heshima zote.

Kuna kalibresheni mbili na zisichanganywe. Moja ni ya nishati, chaneli hii ni keV ngapi. Nyengine ni ya ufanisi, kwa kila gamma mia zinazotoka kwenye kopo ditekta inazikamata ngapi. Ukhti anataka kujua mwani una becquerel (kuoza kwa sekunde) ngapi kwa kilo, hiyo inatoka kwenye eneo la piki, sio mahali ilipokaa. Kwa hivo akitumia MAHALI pa piki ya potasiamu kuinyoosha mizani ya chaneli hajagusa wingi hata kidogo, na kwenye kazi za mionzi ya asili 1460.8 inatumika sana kwa kazi hiyohiyo, mana ipo bure kila pahala, kwenye kuta, kwenye mwili wa mtu. Pia inaondoa tatizo jengine ambalo hakuna alielitaja, piki zake za kobalti zinaishia 1332 na potasiamu iko juu yake, yani anaubashiri mstari nje ya pointi zake, na sodiamu ayodaidi mwanga wake haulingani sawasawa na nishati kwa hivo mstari ulionyooka unampotosha kidogo huko juu hata bila ya joto.

Ukhti kama unataka pointi ya juu zaidi isogeze kobalti karibu kabisa na ditekta, gamma zote mbili zikiingia kwa pamoja utaona piki ndogo pale 2506, ni jumla yao. Hiyo ni pointi ya nne na huna haja ya kuomba sosi mpya. Usitumie 511 kama utaiona, ile ni pana kwa asili yake mana elektroni anazokutana nazo pozitroni hazijatulia, na lile donge la karibu na 200 si piki ya kitu chochote, ni gamma za seziamu zilizogonga risasi zikarudi, nimeona mtu kaitia kwenye kalibresheni na mstari wote ukapinda.

Na tarakimu: mimi nasoma Ujerumani, hapa tuna jemaniamu inayopozwa kwa naitrojeni iliyo kimiminika, piki ya 1332 upana wake kama keV 2. Yako kwenye seziamu upana ni karibu asilimia 7, kama keV 46. Andika 662 na 1461, tarakimu za desimali uwaachie wenye fuwele.

Mzee_wa_Tunguu:

Umesema kweli kijana, mahali na wingi ni vitu viwili na mimi niliviweka kapu moja. Nalirudisha neno langu nusu. Nusu nyengine nabaki nayo, na sababu yangu ni hii: aktiniamu-228 ya kwenye ukoo wa thoriamu ina mistari pale 1459 na 1496, kwa ditekta ya sodiamu ayodaidi hiyo yote imo ndani ya donge moja na potasiamu. Kwenye mwani haina nguvu mana potasiamu ni nyingi, ila mwani wa Paje unaanikwa pale ufukweni na mchanga unaingia, na kuna michanga ina madini mazito yenye thoriamu. Akija kupima mchanga kwa mtindo huohuo piki itavutwa na asijue. Bora awe na potasiamu safi kwenye kopo lake, aiweke kabla na baada pamoja na seziamu.

fundi_wa_ChakeChake:

naunga mkono potasiamu safi. potasiamu kloridi ya maabara ipo tu, haihitaji kibali cha sosi. watu wa zamani walikuwa wanatumia kile kitambaa cheupe cha karabai kwa ajili ya thoriamu, ndani yake unapata ile 2614 ya thaliamu-208, vile vya zamani vilikuwa nayo vingi vya sasa havina. nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa thoriamu yake ndogo kwa hivo 2614 ya ukutani Unguja mara nyingi inakuwa dhaifu. lakini dada usiende kutafuta vitambaa vya karabai, vinamomonyoka vumbi lake si la kuvutwa

binti_wa_Paje:

Shkamoo babu, na shukran nyingi sana kaka zangu, nimekaa kimya siku nane kwa sababu nilikuwa nafanya mlivoniambia.

Nimeweka seziamu peke yake kutoka saa mbili mpaka saa kumi na moja jioni, thamomita ilianza 23 ikafika 32, na chaneli ya piki ikateremka kutoka 442 mpaka 432. Nimechora, ni mstari unaoteremka na mstari wa joto unaopanda, nikauangalia muda mrefu mana wiki tatu nzima nilikuwa naulaumu mwani! Halafu nikaomba ruhusa ya usiku, nimepata siku tatu kuanzia saa tatu. Potasiamu ya mwani imekuja 1459, 1462 na 1461, piki moja haina mabega. Kobalti nimeisogeza karibu na ile 2506 nimeiona kwa macho yangu, ndogo lakini ipo. Zile spektra za mwanzo sizitupi, mbili nilikuwa nimehifadhi kila saa moja kwa hivo nitazirekebisha kama alivosema fundi, nyengine nazirejea upya.

Babu, ile hesabu ya ngalawa nimeirejea kwa kobalti. Kiini ni nikeli-60, kwa 1332 nimepata kinarudi nyuma kwa eV 16 hivi. Ni sawa?

Na kaka wa Mtoni, sasa nafika kwenye ufanisi. Potasiamu kloridi niitie kiasi gani?

Mzee_wa_Tunguu:

Sawa kabisa mwanangu. 15.9.

kijana_wa_Mtoni:

Masha Allah ukhti. Jaza kopo lilelile mpaka alama ileile uliyojazia mwani, urefu ukitofautiana hata sentimita moja hesabu inaharibika. Ipime uzito, kila gramu ya potasiamu kloridi ina takriban becquerel 16 za potasiamu-40, na katika kila kuoza mia ni kama 10.7 tu ndizo zinazotoa ile gamma ya 1461, hiyo usiisahau. Ikaushe kwanza kwenye oveni mana inavuta unyevu na hewa yetu ya pwani unaijua, ukipima na maji yake utafikiri potasiamu ni nyingi kuliko ilivo. Kitu chengine, mwani uliosagwa ni mwepesi kuliko chumvi hiyo ya potasiamu, kwa hivo chumvi inazuia gamma zake wenyewe zaidi kidogo. Pima kopo moja lililojaa chumvi tupu na jengine chumvi iliyochanganywa na unga wa muhogo mpaka uzito wake ukaribie wa mwani, ulinganishe.

binti_wa_Paje:

Unga wa muhogo upo nyumbani. Leo usiku naanza na la chumvi tupu.

fundi_wa_ChakeChake:

unga wa muhogo nao una potasiamu yake dada, pima kopo la unga mtupu pia